Muhula wangu kwenye kliniki ya sheria ya watoto

Muhula huu niko kliniki ya sheria, yaani sisi wanafunzi wa sheria tunawatetea watoto chini ya wakili anayetusimamia. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 nilikuwa naijua kwa moyo: mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa, na yapewe uzito kulingana na umri na upevu wake. Kwenye mtihani ni mistari miwili. Kaa sasa na mtoto wa miaka tisa ambaye wazazi wanamgombania mahakamani, ndipo utajua kazi iliyomo humo.

Binti yule hakutaka kuulizwa anampenda nani zaidi (na hakuna anayestahili kumuuliza hivyo). Alichora nyumba, akafuta mlango, akauchora tena, halafu akaniuliza: "Dada, nikienda kwa baba, mdogo wangu naye atakuja?" Swali hilo halikuwamo kwenye nyaraka za upande wowote! Msimamizi wangu akasema tuliweke kwenye hoja zetu kama alivyolisema, tusilipambe.

Jambo lingine ni kumwambia mtoto ukweli mapema: hakimu atakusikiliza, ila huenda asiamue unavyotaka, kwa sababu lazima aangalie maslahi yako yote. Wengine hulia. Unasubiri, humharakishi.

Wanasheria wenzangu mlioko vyuoni, nafasi kama hii ikitokea, ombeni. Na kabla ya kuanza, someni kidogo jinsi ya kuzungumza na watoto. Mimi ilinisaidia mno.