Chumo la Halali na Tamaa ya Faida ya Haraka

Anayefika soko la Kongowea alfajiri huwaona wachukuzi wakipakua magunia ya viazi na vitunguu, na mimi nawaheshimu sana watu hao kwa sababu kila shilingi yao ina jasho linaloonekana.

Wazee wetu wa pwani walipimiana nafaka kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikifanya pishi moja, na kupunja kipimo kulihesabiwa kuwa wizi. Sura ya 83 ya Kurani, Al-Mutaffifin, inawaonya wazi wale wanaojipimia kamili na kuwapimia wenzao pungufu. Onyo hilo linamhusu vilevile mwenye mizani iliyochezewa leo, ambaye hata sheria ya Kenya inamkataza.

Linaloniumiza zaidi, hata hivyo, ni biashara za piramidi, ambazo ziliporomoka nchini mwaka 2007 na kuwaacha watu wengi bila akiba zao. Biashara ya namna hiyo haizalishi chochote: aliyetangulia hulipwa kwa fedha za anayemfuata, kwa hiyo wanachama wapya wanapopungua malipo hukatika, na waliochelewa kuingia hupoteza kila kitu. Waanzilishi huitegemea tamaa yetu. Huwalipa wachache upesi ili hao wawashawishi jamaa, majirani na waumini wenzao, na hasara inapofika huzua uhasama ndani ya nyumba. Mtu akikuahidi faida kubwa, muulize inatokana na kazi gani. Asipoweza kukuonyesha bidhaa, shamba wala huduma inayouzwa, basi faida hiyo itatoka mfukoni mwa mwenzako.