Siku moja maishani mwangu: mtendaji wa kijiji, wilayani Newala

Saa 12 asubuhi. Julai huku kwetu uwanda wa Makonde baridi inauma, lakini mashine za kupulizia mikorosho zimeshaanza kunguruma. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukiwahi maua, msimu umekwenda, kwa hiyo hakuna anayelala. Nafungua mlango nakuta mama mmoja kajifunga kanga mbili, anasubiri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mdogo wako kapata chuo Mtwara mjini, wanataka barua ya utambulisho."

Namwandikia hapo hapo barazani, mhuri ataufuata ofisini.

Saa 2. Napandisha bendera, kisha nabandika ubaoni taarifa ya mapato na matumizi ya robo iliyoisha Juni. Vijana wawili wa bodaboda wanaisoma mstari kwa mstari, wanauliza fundi wa choo cha shule kalipwa ngapi. Nawatolea hati ya malipo waione. Nafurahi wanapouliza, maana fedha ile ni yao.

Saa 3. Majirani wawili wamekuja na ugomvi wa mpaka. Kila mmoja anataka niseme nani mwenye haki, na mimi si hakimu. Nawapeleka kwa baraza la ardhi la kijiji: wajumbe 7, wanawake wasiopungua 3, kazi yao kusuluhisha. Wanaondoka pamoja, bado wanabishana.

Saa 4. Kikao cha halmashauri ya kijiji. Kwa sheria wajumbe huwa kati ya 15 na 25, na hawa wetu walichaguliwa Novemba 27, 2024. Mimi ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya; hapa ni katibu tu. Akidi imetimia, Mwenyekiti anafungua. Muhtasari uliopita unapita haraka, vibali vya ngoma za jando na unyago navyo vinapita, kwa sharti ngoma zisiingilie siku za shule. Halafu inakuja ardhi.

Kuna mtu kutoka mjini anaomba ekari 30 apande mikorosho. Barua yake imeandikwa vizuri, na eneo analiita "pori lisilo na mwenyewe". Baadhi ya wajumbe wanaona hakuna shida: ataleta ajira, ataahidi dawati moja mbili shuleni. Mjumbe mmoja anataka tupitishe leo leo.

Mzee wa kitongoji cha juu ananyoosha mkono. Anasema lile si pori, ni mahame. Wazazi wake walitolewa pale enzi za Operesheni Vijiji, miaka ya sabini, wakaletwa huku barabarani, mikorosho yao ikabaki. "Nendeni mkaangalie. Imezeeka, lakini imepangwa mistari. Pori halipangi mistari."

Kimya kidogo. Ndipo mama mmoja, mjumbe wa kamati ya huduma za jamii, anainuka, anaokota kijiti na kuchora kwenye vumbi la sakafu. Hapa barabara, hapa ekari 30, na katikati njia ya kuteremkia bondeni. "Bomba likikauka maji tunafuata huku. Akizungusha uzio, wanangu wapite wapi na ndoo?"

Hayo hayapo kwenye ramani yoyote niliyonayo ofisini. Wanayajua wanaotembea humo, na ndiyo maana nauthamini mkutano huu kuliko karatasi zangu zote. Nawasomea Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999: halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Tukipitisha peke yetu, tumegawa kisicho chetu. Aliyetaka tupitishe leo analalamika kwamba tunamchelewesha mwekezaji. Sawa, tumcheleweshe. Ardhi ikishatoka kuirudisha ni kazi ya miaka.

Uamuzi: kamati ikakague eneo pamoja na yule mzee na yule mama, kisha suala liende mkutano mkuu.

Saa 8. Ugali wa muhogo, kisamvu, chai.

Saa 9. Foleni ya wakulima wanaohakiki majina kwenye daftari la salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho. Mjane mmoja shamba bado linasoma jina la marehemu mumewe. Namwita balozi wake athibitishe, tunajaza fomu ya kubadilisha. Foleni inanung'unika, nami siharakishi: jina lisipokaa sawa sasa, mgawo atakosa.

Saa 11. Nauandika muhtasari ungali moto kichwani. Maneno ya mzee nayaweka kama alivyoyasema, na mchoro wa mama naunakili kwa kalamu pembeni mwa ukurasa.

Saa 1 usiku. Mpiga mbiu kaja kuchukua tangazo. Mkutano mkuu, ajenda ya ekari 30, kila mwenye miaka 18 na kuendelea. Ananiuliza atangaze kwa Kiswahili au Kimakonde.

"Kwa zote mbili," namwambia, "na anza na vitongoji vya mbali."