Nyumba Isiyouzwa Chini ya Mlima Inerie

Kijana wa bodaboda alizima pikipiki kwenye kona yenye mianzi, mvua ikinyesha, akaniambia bei imebadilika. Kule Bajawa, mji wa milimani katika kisiwa cha Flores, Indonesia, kijiweni mbele ya wenzake, tulikubaliana rupia 75,000 kwa safari ya kwenda kijiji cha Bena, isiyofika kilomita 20. Sasa alitaka 200,000. Begi langu alikuwa amelifunga mwenyewe kwa mipira nyuma ya kiti, na upande wa kushoto kulikuwa na korongo.

Hasira niliyokuwa nayo ilianza mbali. Labuan Bajo, mji wa watalii magharibi mwa kisiwa hicho, nilikata kiti kwenye gari dogo la abiria saba. Lilituzungusha mjini asubuhi karibu yote likitafuta watu wa kujaza viti, na sisi tulishalipa. Barabara ya kwenda Bajawa ni kona juu ya kona. Kabla hatujafika Ruteng, mji wa njiani, watu walishaanza kutapika kwenye mifuko, na dereva hakupunguza mwendo wala muziki. Aliyekaa pembeni yangu, mwenyeji, alilipa pungufu kuliko mimi kwa kiti cha aina ileile. Kulipa sikatai. Kupandishiwa bei nikiwa porini ndiko nisikokubali.

Tukabishana. Yeye kwa Kiindonesia, mimi kwa simu iliyokuwa inanitafsiria mpaka mtandao ukakata. Nikabaki kurudia "75,000" na kuonyesha begi. Akawasha sigara, akakaa juu ya jiwe. Alikuwa na muda, mimi sikuwa nao, kwa maana giza la milimani huingia mapema.

Ndipo likaja pikapu la wanawake waliotoka sokoni, wamekaa nyuma na mabeseni yao chini ya turubai. Mama mmoja wa makamo, mdomo mwekundu kwa tambuu, akagonga bodi gari lisimame. Mimi hakuniuliza kitu. Alimwuliza kijana maneno machache, kwa sauti ya kawaida kabisa. Kijana akatupa sigara, akafungua mipira, akapokea 75,000 na kuondoka bila kunitazama. Nililipa safari nzima kwa nusu ya njia, na naona alipata zaidi ya haki yake. Mama akanisogezea nafasi kati ya mabeseni. Nilipotoa pesa tulipofika, aliusukuma mkono wangu.

Kijiji chake ni Bena, kulekule nilikokuwa nikienda. Kimekaa kwenye mgongo wa kilima, miguuni pa Inerie, volkano iliyochongoka yenye urefu wa mita 2,245. Nyumba zaidi ya arobaini za mbao na mianzi zimepangwa safu mbili zikitazamana, paa zake za nyasi ndefu na zimesimama wima. Katikati kuna uwanja wenye mawe makubwa yaliyosimikwa na wazee wa kale. Koo ni tisa, na kila ukoo una vitu viwili pale uwanjani: ngadhu, nguzo ya kuchongwa yenye mwavuli wa nyasi, ya babu mwanzilishi, na bhaga, kijumba kidogo, cha bibi mwanzilishi. Watu ni Wakatoliki, na juu kabisa ya kijiji kuna sanamu ya Bikira Maria. Lakini nyati na nguruwe bado huchinjwa kwa ajili ya wahenga. Pembe na mataya yake yametundikwa mbele ya nyumba, mpita njia aone nyumba ipi imetimiza wajibu wake.

Mbele ya kibaraza cha Mama karafuu zilikuwa zimeingizwa ndani haraka kwa ajili ya mvua. Harufu yake ilinishika shingo. Mimi ni Mluguru wa Matombo, Morogoro, Tanzania. Nimekulia kwenye karafuu zilizoanikwa uani kwa bibi, mlima upande mmoja na ukungu upande mwingine. Sikutegemea kunusa hiyo harufu nikiwa nimevuka bahari yote ya Hindi.

Mumewe alikuwa kibarazani akivuta kreteki, sigara yao iliyochanganywa na karafuu. Nikamsifia nyumba yake. Akacheka, akaelekeza kidole kwa mkewe. Binti yao, aliyewahi kufanya kazi hotelini Labuan Bajo na anajua Kiingereza, ndiye aliyenieleza, na maelezo yalichukua usiku mzima.

Nyumba ile ina jina lake, na jina ni la zamani kuliko mtu yeyote aliye hai. Ni ya wanawake. Mama aliipokea kwa mama yake, naye atampa binti. Mzee alikuja kuoa akahamia hapo. Watoto ni wa nyumba ya mama yao. Mashamba ya nyumba yanafuata nyumba, na anayekaa nayo ndiye anayegawa nani alime wapi. Chumba cha ndani, chenye jiko la kuni na kuta zilizochongwa farasi na kuku, unaingia kwa kuinama kupitia mlango mwembamba, na humo ndimo urithi wa nyumba unamowekwa. Nikauliza: je, mtu akikwama, ada ya shule, ugonjwa, anaweza kuuza? Binti alimtafsiria mama yake. Mama alitafuna tambuu yake kwanza. Akajibu kuwa shamba linaweza kuazimwa, hata kwa miaka, lakini nyumba na mashamba yake hawezi kuviuza, kwa kuwa si vyake peke yake. Wapo waliokufa na wapo ambao hawajazaliwa.

Sitaki kupamba. Binti alisema wazi kuwa nyumba ikijengwa upya kila aliye wa nyumba hiyo hutoa, hata kaka yake aliyeko Malaysia, na nguruwe mmoja anaweza kula akiba ya miezi. Baridi ya usiku ilinikosesha usingizi, blanketi lilikuwa jembamba, na gharama ya kulala ilikuwa juu kwa godoro la aina ile. Volkano hawaizungumzi sana. Inielika, volkano nyingine upande wa pili wa Bajawa, ililipuka mwaka 2001. Nilipouliza kama hawaogopi, Mama alinionyesha kahawa na viazi vikuu nyuma ya nyumba, vilivyostawi kwenye udongo mweusi wa majivu.

Siku zilizofuata nilitembea na kusalimia watu. Mawazo yangu yalikuwa Matombo.

Sisi nasi tunafuata upande wa mama. Ardhi ni ya ukoo, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na wajomba ni wasimamizi tu. Hivyo ndivyo bibi alivyotulea. Alipofariki, wajomba walikata kipande cha juu, chenye chemchemi na mikarafuu aliyoipanda mwenyewe, wakamuuzia mtu wa mjini. Mama yangu na dada zake walijua siku walipokuta vigingi vimeshapigwa. Mama mkubwa, mwenye miaka zaidi ya sabini, alisimama kwenye njia aliyoipita maisha yake yote akaambiwa azunguke. Wajomba husema fedha ilikuwa ya matatizo ya familia. Familia ipi, iwapo wenye nyumba hawakuulizwa? Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iko wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Mila yetu ilishampa hata kabla ya sheria. Tulichokosa ni mtu wa kugonga bodi gari lisimame.

Kutoka Bajawa, mtandao uliporudi, nilimpigia mama mkubwa. Nilimweleza habari ya Bena, nyumba yenye jina, mzee aliyeonyesha kidole kwa mkewe. Alisikiliza, kisha akauliza kama mashamba yao yana maji. Nikamwambia nitakuja kwenye kikao cha ukoo Desemba, na nitakachodai ni kimoja: kipande kilichobaki kikatiwe hati ya hakimiliki ya kimila, na majina yanayoandikwa yawe ya mabinti wote wa bibi. Akasema nije na karatasi, majina atanitajia yeye, na nianze na la mdogo wao kwa kuwa ndiye anayelima.