Hotuba Iliyodumu Chini ya Saa Moja

Tarehe 14 Desemba 1992, Waziri wa Mambo ya Nje wa Urusi, Andrei Kozyrev, alisimama mbele ya mawaziri wenzake wa Ulaya na Marekani mjini Stockholm akasoma hotuba iliyowapiga butwaa. Alisema kwamba nchi zilizokuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti ni eneo ambalo Urusi italinda maslahi yake kwa njia zote, za kijeshi zikiwamo, na kwamba itasimama na Serbia. Haikupita saa moja akarudi jukwaani kueleza kuwa hayo hayakuwa msimamo wake. Alitaka wasikie sauti ya wapinzani wake wa Moscow.

Kila ninapoifikiria siku ile nasikitika, kwa kuwa inaonyesha jinsi njia mbili, ya kushirikiana na Magharibi na ya kushindana nayo, zilivyokuwa wazi bado. Ulikuwa umepita mwaka mmoja tu tangu bendera ya nyundo na mundu iteremshwe Kremlin. Itikadi ya kikomunisti ilikuwa imeondoka, na wale waliothaminiwa kwa ajili yake waligeuka mzigo: Cuba ilikatiwa ruzuku, balozi kadhaa barani Afrika zikafungwa, na chuo kikuu cha Moscow kilichobeba jina la Patrice Lumumba kikavuliwa jina hilo mwaka 1992 (lilirudishwa mwaka 2023, Urusi ilipoanza tena kuitafuta Afrika). Hadhi, hata hivyo, haikuondoka. Urusi ilirithi kiti cha kudumu katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa pamoja na kura yake ya turufu, ikabaki na silaha za nyuklia, na taifa lenye vitu hivyo, hata likiwa na hazina tupu, haliwezi kukubali kwa urahisi kuambiwa mambo yakiwa yamekwisha kuamuliwa.

Ndivyo ilivyotokea Machi 1999. Poland, Hungaria na Jamhuri ya Cheki zilikuwa zimejiunga na NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, siku chache tu kabla, na Yevgeny Primakov, aliyempokea Kozyrev wizara mwaka 1996 na sasa akiwa Waziri Mkuu, alikuwa angani juu ya Atlantiki akielekea Washington alipoarifiwa kwamba Yugoslavia, ambayo Serbia ilikuwa sehemu yake, ilikuwa karibu kushambuliwa kwa mabomu na NATO. Aliamuru ndege igeuzwe, akarudi Moscow.

Wapo wanaoona kwamba Magharibi ndiyo iliyoisukuma Urusi mpaka hapo. Nakubali kwamba Urusi ilipuuzwa mara nyingi, lakini siwezi kuwasahau majirani, ambao waliomba wenyewe kujiunga na NATO kwa sababu walivikumbuka vifaru vya Kisovieti vilivyoingia Budapest mwaka 1956 na Prague mwaka 1968. Ukraine, kwa upande wake, ilikubali kuachana na silaha za nyuklia zilizokuwa katika ardhi yake, na mjini Budapest, tarehe 5 Desemba 1994, ikapewa hati ya ahadi kwamba mipaka yake itaheshimiwa. Aliyeitia sahihi kwa niaba ya Urusi ni Rais wake, Boris Yeltsin. Mwaka 2014 Urusi ikaitwaa Crimea, rasi ya Ukraine, na maneno ambayo Kozyrev aliyasoma Stockholm kama onyo yakawa sera ya dola.