Uwanja niliosimama jana hapa Paris

Jana nimepita pale mbele ya jengo la manispaa ya Paris, watoto wanakimbiza njiwa, watu wanapiga selfi, mimi miguu ikagoma kabisa kusogea maana juzi usiku nilikuwa nimesoma kilichofanyika palepale. Zamani uwanja ule uliitwa Place de Grève na tarehe 28 Machi 1757 ndipo walipomuua Robert-François Damiens, mtumishi wa majumbani aliyemchoma mfalme Louis XV kwa kisu kidogo kule Versailles mwezi wa kwanza, na mfalme mwenyewe alipata kidonda kidogo tu akapona. Walimuunguza mkono, wakamnyofoa nyama kwa koleo za moto, wakammwagia madini ya risasi yaliyoyeyushwa, halafu wakamfunga kwenye farasi ili wamchane vipande, farasi wakashindwa, ikabidi wamkate viungo kwanza. Na watu walikodi madirisha ya kuangalia jamani, yaani walitoa hela!

Ila kilichoniuma zaidi ni familia. Baba yake, mkewe na binti yake walifukuzwa Ufaransa wasirudi tena wakirudi ni kifo, ndugu zake wakaamriwa wabadilishe jina, nyumba aliyozaliwa ikabomolewa isijengwe tena hapo. Binti kakosa nini sasa? Ni kama walitaka kila baba na kila mama ajue kwamba akithubutu, ukoo mzima unafutwa.

Nimekaa kwenye benchi karibu nusu saa namuwaza yule binti akitembea kuelekea mpakani.