Kijibwa na bustani ya mbwa: msiharakishe

Zile bustani za uzio za Marekani, mbwa wanakoachiwa bila kamba, si mahali pa kuanzia. Kijibwa huzoea mambo mapya upesi kati ya wiki 3 na 14 hivi, lakini chanjo yake ya mwisho ya parvo, ugonjwa hatari wa virusi kwa mbwa, huchomwa akifika wiki 16 au zaidi. Virusi hivyo hukaa udongoni miezi mingi, na mbwa mgonjwa huviacha kwenye kinyesi.

Basi asizoeshwe? Azoeshwe, ila kwa njia nyingine. Mbebe akatazame bodaboda, watoto, watu wenye miavuli. Mkutanishe na mbwa mmoja mzima, mtulivu, aliyechanjwa, kwenye ua safi.

Akishakamilisha chanjo, nenda saa za watu wachache, dakika 10 tu. Vurugu nyingi huanzia getini: mbwa sita wanamkimbilia mgeni aliyefungwa kamba, hana pa kukimbilia, anauma. Ifungue kamba katikati ya mageti mawili ya kuingilia bustanini, kundi likishatawanyika. Akifyata mkia au kujificha chini ya benchi, mtoe. “Waache wamalizane wenyewe” ni ushauri mbovu kabisa.