Nilivyozoea kusimamia seva za faili kwa kuandika amri

Nilipokabidhiwa seva za faili zilikuwa tisa: sita za Windows, mbili za Linux zenye Samba (programu inayoiwezesha Linux kugawa folda kama Windows), na sanduku moja la kuhifadhia data ambalo hakuna aliyekumbuka lilinunuliwa lini. Aliyenitangulia alizisimamia kwa kufungua skrini ya kila seva kwa mbali na kubofya dirisha baada ya dirisha, nami nikaendelea hivyo hivyo kwa miezi kadhaa. Matawi mawili yana laini nyembamba ya mtandao. Skrini ya huko inajichora vipande vipande. Unabofya, unasubiri, unabofya tena ukidhani hujasikiwa, kisha mibofyo yote miwili inafika kwa pamoja.

Kilichonigeuza ni simu ya asubuhi moja kutoka kwa kijana wa manunuzi. Folda ya mikataba ilimwambia hana ruhusa. Nikafungua ukurasa wa ruhusa za folda ile, nikaliona kundi lake limo, tena lina haki ya kuandika. Nikamwambia atoke kwenye akaunti aingie upya. Hali ileile. Nikamwondoa kwenye kundi, nikamrudisha. Hali ileile. Saa mbili zilikwisha hivyo, naye ana kazi ya kupeleka mchana.

Kwenye kompyuta yangu ya Linux kulikuwa na smbclient, programu ya kufungulia folda za seva kwa kuandika amri, ambayo nilikuwa nimeisoma juu juu tu. Nikamwita aje mezani kwangu aandike nenosiri lake mwenyewe, nikaipa amri hii:

smbclient //seva3/mikataba -U 'OFISI\manunuzi1'

Jibu lilikuja mstari mmoja: tree connect failed: NT_STATUS_ACCESS_DENIED.

Nataka nikae kidogo kwenye mstari huo, maana ndio ulionifundisha kazi hii. Mtu anayefungua folda iliyo kwenye seva hupita milango minne, mmoja baada ya mwingine. Kwanza kompyuta yake iifikie seva, kwa kawaida kupitia poti 445 (namba ambayo huduma hiyo husikilizia). Pili ajitambulishe kwa jina na nenosiri. Tatu aruhusiwe kuingia kwenye folda iliyoshirikishwa. Nne aruhusiwe na diski yenyewe kuliona au kuliandika faili. Dirisha la Windows lilikuwa limetuambia tu kwamba hana ruhusa, bila kusema ni mlango gani. Smbclient ilisema. Kama angekwama mlango wa pili, ingeandika session setup failed na NT_STATUS_LOGON_FAILURE. Kama angekwama wa nne, angeingia vizuri, kisha ls, amri ya kuorodhesha mafaili, ndiyo ingekataliwa. Hii yake ilikuwa tree connect, yaani mlango wa tatu. Ruhusa nilizokuwa nikizikagua saa mbili nzima zilikuwa za mlango wa nne. Ruhusa za folda iliyoshirikishwa ziko ukurasa mwingine kabisa, na huko kundi la manunuzi halikuwemo. Marekebisho yalichukua dakika moja, na siku ile niliyafanya kwa dirisha kwa sababu sikujua amri nyingine yoyote.

Tangu hapo kila lalamiko la folda naanza nalo kwa smbclient. Hata mlango wa kwanza una lugha yake. NT_STATUS_CONNECTION_REFUSED maana yake mashine ipo ila huduma haijibu. NT_STATUS_IO_TIMEOUT mara nyingi ni ukuta wa moto unaozimeza pakiti kimya kimya, au mashine imezimwa. NT_STATUS_BAD_NETWORK_NAME ni jina la folda ambalo seva hailijui, na hapo nimekuta makosa ya tahajia mara nyingi kuliko kitu kingine. Usipokumbuka majina, smbclient -L //seva3 itakuorodheshea yote, pamoja na yale yanayoishia na alama ya dola ambayo Windows huyaficha. Majina hayo ya dola ni salama zaidi ukiyafungia ndani ya alama za nukuu moja, kwa kuwa shell, programu inayosoma amri unazoandika, huipa alama ya dola maana yake yenyewe. Mkwaju wa nyuma (\) unaotenganisha domeni, yaani jina la mtandao wa ofisi kama OFISI, na jina la mtu nao ufungie hivyo, vinginevyo shell itaula kabla amri haijafika popote.

Ukishaingia, ndani ni kama programu za zamani za kuhamisha mafaili: ls, cd, get, put. Ukitaka kuchukua folda nzima, andika recurse, kisha prompt ili isikuulize faili moja moja, kisha mget. Allinfo inakuonyesha faili liliandikwa lini mara ya mwisho, hadi sekunde. Nimemaliza nayo mabishano kadhaa ya nani alibadilisha nini baada ya muda kupita.

Jina la Samba, kwa anayependa mambo hayo, halikutokana na ngoma. Andrew Tridgell alianza kuiandika huko Australia, toleo la kwanza likatoka mwaka 1992, na baadaye ikabidi abadilishe jina alilokuwa akilitumia. Akaiambia kompyuta itafute kwenye kamusi maneno yenye herufi s, m na b kwa mpangilio huo, kwa sababu itifaki yenyewe, yaani lugha ambayo kompyuta hugawiana mafaili, inaitwa SMB. Nalipenda jina hilo kwa kuwa limezaliwa kwa amri ya mstari mmoja.

Smbclient inakuonyesha seva kama mtumiaji anavyoiona. Kuisimamia seva kunahitaji ndugu yake, amri ya net. Nilimkimbilia siku faili la bajeti lilipokataa kufunguka kwa kuandikwa: kila aliyejaribu aliambiwa mwingine analitumia, na ofisi nzima ikaapa kwamba hakuna anayelitumia. Nikaandika:

net rpc file -S seva2 -U 'OFISI\msimamizi'

Ikaja orodha ya mafaili yote yaliyofunguliwa kwenye seva ile, kila moja na namba yake, jina la aliyelifungua na njia yake. Bajeti ilikuwa namba 1432, imefunguliwa na akaunti ya mhasibu. Nikampigia simu.

"Dada, samahani kwa usumbufu. Lile faili la bajeti bado umelifungua?"

"Mimi? Niko likizo tangu juzi, kaka. Labda kompyuta niliiacha inawaka."

"Ulihifadhi kabla ya kuondoka?"

"Nilihifadhi, ndiyo. Funga tu."

Nikaandika net rpc file close 1432, na mwenzake akalifungua palepale. Simu ile naiona ni sehemu ya amri yenyewe. Seva haijui kama mtu ana kurasa tatu ambazo hajazihifadhi. Ukilifunga, kazi hiyo inaweza kupotea, na mwenyewe hatajua kwa nini. Sijawahi kufunga faili la mtu bila kumtafuta kwanza.

Net ina mengi: net rpc share list, net rpc user, net rpc group addmem, hata net rpc service ya kusimamisha na kuwasha huduma kwenye Windows. Moja lilinisumbua. Net rpc share add ilinikubalia kwenye seva za Windows, ikanikatalia kwenye zile mbili za Samba kwa nenosiri la msimamizi lilelile. Samba haiongezi folda mpya kwa agizo la mbali mpaka wewe mwenyewe uwe umeiandikia kwenye smb.conf, faili lake la mipangilio, ni programu gani iitumie, kwa kipengele cha add share command, na akaunti inayoagiza iwe imepewa haki ya SeDiskOperatorPrivilege. Nilifikiri kidogo nikaona bora kwenye zile mbili niendelee kuingia moja kwa moja, kuhariri faili la mipangilio, kulikagua kwa testparm na kuagiza lisomwe upya kwa smbcontrol all reload-config. Seva mbili hazistahili mlango wa ziada.

Sasa kosa langu kubwa. Nilikuwa nimeandika skripti fupi, yaani faili la amri zinazojiendesha, ya kuzunguka seva zote sita za Windows kila alfajiri na kuorodhesha folda zake. Nenosiri lilikuwa ndani ya skripti. Siku moja nikabadilisha nenosiri la msimamizi, nikaisahau skripti. Kwetu akaunti hujifunga baada ya majaribio matano mabaya. Skripti ikajaribu seva ya kwanza, LOGON_FAILURE. Ya pili, LOGON_FAILURE. Ikaendelea hivyo mpaka ya sita iliyojibu NT_STATUS_ACCOUNT_LOCKED_OUT. Akaunti hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikiendesha bekapu, na bekapu ya siku ile haikufanyika. Nilijua saa nne asubuhi, na mpaka bekapu iliyofuata ilipokamilika sikutulia.

Nilibadilisha mambo matatu siku hiyohiyo. Bekapu ikapata akaunti yake. Skripti ikaambiwa isimame inapokataliwa mara ya kwanza. Smbclient ikishindwa kuingia hurudisha namba isiyo sifuri, kwa hiyo neno break, linalosimamisha mzunguko, baada ya alama mbili za bomba (||) linatosha. Na nenosiri likatoka kwenye skripti, likatoka pia kwenye mstari wa amri, ambako hubaki kwenye historia ya shell kwa yeyote atakayeifungua. Sasa limo kwenye faili dogo lenye mistari mitatu ya username, password na domain, ninalolisoma mimi peke yangu kwa chmod 600, na kila amri naipa faili hilo kwa -A. Kazi za mkono nazifanya kwa Kerberos, mfumo wa kujitambulisha kwa tiketi: kinit mara moja asubuhi, kisha chaguo la --use-kerberos=required, na sihitaji kuandika nenosiri tena. Sharti lake ni kuita seva kwa jina badala ya namba ya IP, na saa zisipishane zaidi ya dakika 5, ambacho ndicho kiwango cha kawaida. Net time -S seva2 inakuambia saa ya upande wa pili.

Ruhusa za mlango wa nne nazishughulikia kwa smbcacls, amri nyingine ya Samba. Ukiipa folda na njia tu, inachapisha orodha: mwenye mali, kundi, na kila mstari wa nani anaruhusiwa nini. Orodha hiyo huiandika kwenye faili lenye tarehe kabla sijagusa chochote. Chaguo la -a linaongeza mstari mmoja. Chaguo la -S linafuta orodha nzima na kuweka uliyoiandika wewe, kwa hiyo ukisahau mstari wa wasimamizi umejifungia nje. Naliogopa, na sijalitumia kwenye seva yenye watu.

Wakaguzi walipokuja niliwapa haki ya kusoma folda ya Zabuni:

smbcacls //seva3/mikataba Zabuni -A ~/.seva -a 'ACL:OFISI\Wakaguzi:ALLOWED/OI|CI/READ'

Herufi OI na CI zinasema mafaili na folda zitakazozaliwa humo zirithi haki hiyo. Wakaguzi wakaingia, wakaona majina yote, lakini kila faili walilobofya likakataa. Nilirudi kwenye milango yangu: tree connect imepita, ls imepita, get ndiyo inakataliwa. Kumbe kwa mtu wa dirisha Windows ndiyo inayopita faili kwa faili na kuandika urithi kwenye vitu vya zamani. Smbcacls yenyewe inabadilisha kile ulichokitaja tu. Matoleo mapya yana --propagate-inheritance kwa kazi hiyo. Toleo langu halikuwa nalo, kwa hiyo nilitoa orodha ya mafaili kwa smbclient na kuizungusha amri moja moja. Mafaili yalikuwa mengi na laini ni ile nyembamba, lakini kilichosafiri ni maandishi matupu, na haikumsumbua mtu.

Lile sanduku la zamani ndilo lililokuwa la mwisho kunikubali. Smbclient ilikatwa hata kabla ya kujitambulisha. Sababu ni kwamba lilizungumza SMB1 peke yake, toleo la zamani la SMB, na Samba kuanzia toleo 4.11 la mwaka 2019 haiongei SMB1 mpaka uilazimishe. Ina haki. Tundu lililotumiwa na programu hasidi ya WannaCry mwezi Mei 2017 lilikuwa kwenye SMB1 ya Windows, na itifaki hiyo haiwezi kusimba data inayopita. Nikailazimisha mara moja tu kwa --option='client min protocol=NT1' (NT1 ndilo jina la SMB1 humo), nikavuta kila kilichokuwemo kwa chaguo la -Tc linalofunga kila kitu kuwa faili moja la tar, nikalifungua kwenye mojawapo ya seva za Samba na kulinganisha idadi ya mafaili na ukubwa wake pande zote mbili. Zilipatana usiku wa pili. Asubuhi nikawatangazia watu njia mpya, nikaliacha sanduku liwake wiki mbili likiwa la kusoma tu, na siku niliyolizima hakuna aliyepiga simu. Nikafuta mstari wa NT1 kwenye madaftari yangu, na seva zimebaki nane.